Kibaraza cha Darini

Kilichojengwa katika kiwanja cha Ofisi ya Nyumba ni mali ya Ofisi ya Nyumba, awe amekijenga nani na kwa fedha ya nani. Maneno hayo yalikuwa yamechapwa nyuma ya kila kadi ya kodi. Yalikuwa yameandikwa pia kwa rangi nyeusi juu ya ubao uliopigiliwa mwanzoni mwa Safu ya Nne, karibu na bomba la maji, mahali ambapo kila mpangaji alisimama asubuhi na ndoo yake na kuyasoma bila kupenda. Watoto wa safu ile waliyajua kabla ya kujua kuzidisha.

Kwa hiyo fundi mwashi wa nyumba ya sita, ambaye watu walimwita Timazi, alijua vema kwamba kibaraza alichokuwa akimketisha mama yake asubuhi ile hakikuwa chake. Alikuwa amekijenga mwenyewe mwaka uliopita, kwa matofali ya kuchoma aliyoyanunua machache machache kila alipolipwa. Kilikuwa na urefu wa hatua nne, kimo cha goti, na mgongo mfupi wa kuegemea, nacho kilielekea jua la asubuhi. Mwezi mmoja baada ya kukimaliza, mtu wa Ofisi alikuja akakipima kwa utepe, akakiandika katika daftari, akakipiga namba kwa rangi nyeupe. Mama alicheka sana siku ile.

"Hata makalio yangu sasa ni mpangaji," alisema.

Miguu ya mama ilikuwa imemkatalia kwa miaka mitatu. Kutoka kitandani hadi kibarazani zilikuwa hatua kumi na tisa, na kila asubuhi mwanawe alimkumbatia kiunoni, wakazipita pole pole, moja baada ya nyingine, mkono wa mama ukiburura ukutani. Birika lililotengwa motoni walipoondoka chumbani lilikuwa likichemka walipofika uani. Timazi alikuwa ameupima muda huo. Aliupima tangu ilipoungua Safu ya Pili.

Nyumba za safu zile zilikuwa kumi kumi, zimeshikana ubavu kwa ubavu chini ya paa moja refu la mabati. Kila nyumba ilikuwa na kuta zake hadi kwenye dari, lakini juu ya dari hapakuwa na kuta. Palikuwa na uwazi mmoja mrefu na wa giza, toka nyumba ya kwanza hadi ya kumi, ambamo panya na popo walitembeleana bila kubisha hodi. Katika Safu ya Pili moto ulianza nyumba ya tatu, ukapanda darini, kisha ukashuka katika nyumba ya nane kabla wenye nyumba ya tano hawajajua kwamba kuna moto. Watu waliokuwa wazima wa miguu walitoka. Mzee mmoja aliyekuwa akibebwa na wajukuu zake hakutoka. Mzimamoto aliyekuja na gari lililochelewa aliwaambia watu waliokuwa wamesimama barabarani maneno ambayo hayakuandikwa kwenye ubao wowote, lakini hakuna aliyeyasahau: "Moto hautafuti mlango. Moto unatafuta mwanya."

Ndipo Ofisi ya Nyumba ilipotoa amri kwamba darini, katikati ya kila nyumba na nyumba, ujengwe ukuta wa kuzuia moto. Kazi akapewa mkandarasi, na mkandarasi akawapa mafundi. Timazi alipewa ukuta uliokuwa katikati ya nyumba ya tano na ya sita, yaani ukuta wake mwenyewe. Alishukuru. Upande wa pili wa ukuta huo aliishi dobi, mwanamke mjane aliyepiga pasi nguo za watu kwa mkaa kuanzia alfajiri hadi jua kuchwa. Alikuwa mtu mwangalifu. Lakini mkaa ni mkaa.

Hadi asubuhi ile Timazi alikuwa amejenga kwa siku tatu, akitambaa juu ya boriti katika joto la bati. Jana yake matofali ya saruji yaliisha, na ukuta haukufika juu. Pembeni uligusa paa. Lakini kadiri ulivyokwenda katikati, ndivyo mwanya ulivyopanuka, hata chini ya kilele cha paa mtu angeweza kupita akijikunja. Timazi alidhani amekosea hesabu. Aliomba kuuona mchoro, akausoma kwa tochi, kisha akausoma tena tangu mwanzo. Mchoro haukuwa wa Safu ya Nne. Paa la Safu ya Nne lilibadilishwa zamani na kuinuliwa. Mchoro ule ulikuwa wa Safu ya Pili, ile iliyoungua. Na matofali ya kuta zote tisa yalikuwa yamehesabiwa kwa paa ambalo halikuwapo tena duniani.

Saa moja asubuhi msimamizi wa mkandarasi alikuja uani, kijana mnene mwenye viatu visivyojua udongo.

"Shikamoo mama. Fundi, habari za kuamka? Ngazi itoke, chokaa ipakwe, tumalize. Mkaguzi anakuja saa tisa."

"Nzuri. Matofali je?"

"Matofali gani tena?"

"Ya kufikia bati. Nilikuambia jana. Mchoro si wa paa hili."

"Mzee wangu, mchoro ni mchoro. Mimi nilipewa mchoro, nikapewa matofali ya mchoro. Umeyajenga yote?"

"Nimeyajenga yote."

"Basi umemaliza."

"Ukuta haujafika."

Msimamizi alimtazama mama, kana kwamba angepata msaada kwake. "Mama, mwambie mwanao. Mafundi wanane wengine wamepaka chokaa tangu jana. Wote wana mwanya kama wake. Ni yeye peke yake anayetaka kujenga mnara."

"Mimi miguu imekufa, masikio yangu mazima," mama alisema. "Nimesikia akisema ukuta haujafika. Sasa wewe unataka nimwambie umefika?"

"Kuta zote tisa zitasainiwa leo, mama. Mkaguzi hapandi darini. Anachungulia mlangoni mwa dari na tochi. Akiona cheupe, anaona ukuta. Fundi, wewe fikiria hela yako. Bila saini hakuna malipo, si kwako, si kwa wenzako."

"Sikatai saini," Timazi alisema. "Nataka matofali ishirini na sita tu."

"Ya dukani? Umeona bei? Tangu safu nyingine zianze kujenga, tofali limekuwa kama yai la mbuni." Msimamizi alianza kuondoka. "Nenda Ofisini ukaombe. Ukipata, niite nije nishangae."

Timazi alikwenda. Ofisi ya Nyumba ilifungua dirisha saa mbili. Alilifikia saa nne, baada ya mwanamke aliyerudishwa kwa kukosa nakala na mzee aliyerudishwa kwa kukosa cheti cha kuthibitisha kwamba alikuwa hai, ingawa alikuwa amesimama. Karani alikuwa mtu wa makamo mwenye sauti laini. Hakuwa mkali. Hilo ndilo lililochosha.

"Ombi la vifaa vya ziada linatoka kwa mkandarasi, baba, si kwa fundi."

"Mkandarasi amenituma hapa."

"Basi akuandikie barua. Barua ikija, inakwenda kwa mhandisi. Mhandisi anakuja siku za Jumatano, ila mwezi huu yuko likizo."

"Dada, mchoro waliopewa ni wa Safu ya Pili. Mwanya upo katika kuta zote tisa. Nikikuonyesha mchoro wenyewe, utaona hapa juu namba ya safu imeandikwa."

Karani aliutazama mchoro. Aliona. Timazi alimwona akiona. Macho yake yalisimama juu ya namba ile kwa muda mfupi, kisha akaukunja mchoro kwa uangalifu na kuusukuma chini ya kioo.

"Mimi ni wa malipo na risiti tu," alisema kwa upole. "Aliye nyuma yako."

Aliporudi nyumbani jua lilikuwa limepanda, na kivuli cha ukuta kilikuwa kimekaribia magoti ya mama. Dobi alikuwa upande wake wa ua, karibu na karo lake la kufulia la matofali, akipepea mkaa ndani ya pasi.

"Wamekupa?" mama aliuliza.

"Wamenipa pole."

"Hiyo haishiki bati."

Timazi aliketi chini karibu na miguu yake. Alitoa hesabu yote kwa sauti, kama mtu anayejisomea: ujira wa ukuta ulilipwa baada ya saini, matofali yaliuzwa kwa fedha mkononi, duka lilikuwa halimkopeshi tena tangu dawa za mwezi uliopita, nusu mfuko wa saruji ulibaki, na mchanga ulibaki. Kilichokosekana ni tofali. Akisubiri malipo, ngazi ya mkandarasi itakuwa imechukuliwa jioni, na mlango wa dari utapigwa lakiri ya Ofisi baada ya ukaguzi, asipande mtu tena.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akapiga kofi dogo mahali alipoketi, kama mtu apigaye shavu la ng'ombe aliyemzoea.

"Na hawa je?"

"Wepi?"

"Hawa niliowakalia. Au tofali likikaliwa linaharibika?"

"Mama, hicho ni cha Ofisi. Kina namba."

"Nimesoma ubao kabla yako. Ofisi ina kibaraza; mimi nina nini? Nina hatua kumi na tisa." Aligeuza uso kuelekea Safu ya Pili. "Kile kizee cha Safu ya Pili nilikuwa nakijua. Kilikuwa kikinisalimia bombani enzi zile nachota maji. Wajukuu zake walikuwa wawili, wenye nguvu. Wewe uko mmoja, na siku za kazi haupo."

"Utaketi wapi asubuhi?"

"Juu ya ndoo. Au juu ya huu mdomo wangu mrefu. Niinue, usinipotezee wakati."

Alimwinua. Alimketisha juu ya ndoo iliyogeuzwa, mgongo wake ukiegemea mlango, akachukua nyundo na patasi. Alianza kwenye mgongo wa kibaraza, tofali la juu kabisa, la mwisho alilolijenga. Udongo wa saruji ulioyashika matofali ulikuwa mzuri. Alikuwa ameuchanganya mwenyewe, na sasa ustadi wake ulimpinga. Alivunja kwa saa nzima, akiyagonga matofali moja moja ili yasipasuke, akiyakwangua saruji ya zamani. Yale madogo ya kuchoma yalihitajika zaidi ya mia moja kuziba pengo la yale makubwa ishirini na sita. Tofali lenye namba ya Ofisi alilitoa mwisho, akaliweka kando.

Dobi aliacha pasi yake juu ya chuma, akaja akasimama akiwa amejishika kiuno.

"Kaka fundi, unabomoa kwenu?"

"Naziba juu."

Alieleza. Dobi alisikiliza, akatazama juu kwenye paa, akatazama mkaa wake.

"Kwa hiyo ukiziba, moto ukianza kwangu, nyinyi mtabaki salama, na mimi nitabaki na moto wangu."

Timazi hakupenda kusema uongo, hata ule wa adabu. "Ndivyo," alisema. "Wewe na wenzako wanne wa upande huo. Lakini ukuta ukiwa wazi, hatabaki mtu wa kuja kukuzimia. Wote kumi tutakuwa barabarani tukitafutana. Ukiwa umezibwa, tutabaki watano wenye ndoo."

Dobi alifikiri. "Na wewe utakuwa mmoja wa hao wenye ndoo?"

"Wa kwanza."

"Mama yako shahidi."

"Shahidi nipo," alisema mama kutoka mlangoni. "Na ndoo ninaikalia mimi. Akichelewa, ninamrushia."

Dobi alifunga khanga yake kiunoni, akazima pasi. Nguo za watu zilingoja siku ile. Alipakia matofali sita sita ndani ya karai, akapanda kiti chini ya mlango wa dari na kuyainua juu ya kichwa chake hadi mikono ya Timazi ilipoyafikia. Karai lilipanda mara kumi na tisa. Mama alihesabu kwa sauti, na lilipopanda la mwisho alisema, "Nimefika uani," na hakuna aliyecheka.

Huko juu Timazi alifanya kazi akiwa amepiga magoti, kisha akiwa amelala ubavu, kwa kuwa jinsi ukuta ulivyopanda ndivyo nafasi ya mwili wake ilivyopungua. Bati lilikuwa limepata moto wa adhuhuri. Jasho lilidondoka kwenye udongo na kukauka kabla hajapitisha mwiko. Kila alipokutana na papi, ule ubao mwembamba ulioshikilia mabati, alijaza saruji pande zake zote, akaisukuma kwa kidole katika kila mkunjo wa bati mpaka mwanga wa nje ukapotea. Kilipobaki kipenyo cha mwisho alizima tochi ili akione. Kilikuwa kidogo kama tundu la sindano, na mwanga wa upande wa dobi uliingia humo kama uzi. Alikiziba kwa saruji na kidole gumba. Pakawa giza. Kwa mara ya kwanza tangu safu ile ijengwe, mtu aliyekuwa darini kwa nyumba ya sita hakuweza kuona wala kusikia nyumba ya tano.

Alishuka saa tisa kasorobo. Mama alimpa maji, naye akayanywa amesimama.

Mkaguzi alifika saa tisa na nusu pamoja na msimamizi. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Katika nyumba ya kwanza alipanda ngazi vipandio vinne, akaingiza kichwa na tochi darini, akasema, "Naona ukuta." Katika nyumba ya pili alipanda vipandio viwili. Kuanzia ya tatu aliuliza akiwa chini, "Na huu ni kama ule?" Msimamizi akajibu, "Pacha wake, mheshimiwa." Kuta tisa zilisainiwa katika muda ambao mtu hunywa kikombe kimoja cha chai, na ule wa Timazi ukasainiwa kama nyingine, bila kutazamwa.

Kisha walitoka kwa mlango wa nyuma ili wafupishe njia, na mkaguzi akasimama.

"Hapa palikuwa na kitu."

Palikuwa na mstari wa udongo mwekundu, vumbi, na tofali moja lenye namba nyeupe. Mkaguzi alilichukua, akalifuta kwa leso yake, akafungua daftari na kutafuta ukurasa. Akatoa utepe. Alipima urefu wa mahali ambapo kibaraza kilikuwapo, akachuchumaa akapima upana, akauliza kimo, akaandika. Aliifanya kazi hiyo kwa makini, bila haraka, na hakuacha pembe hata moja.

"Nani amekiondoa?"

"Mimi," alisema Timazi.

"Kwa idhini ya nani?"

"Yangu," alisema mama.

"Mama, wewe si Ofisi."

"Hilo nalijua. Ofisi ingenisalimia kwanza."

Mkaguzi aligeuka kwa fundi. "Matofali yako wapi?"

"Darini. Panda ukaone, mheshimiwa. Ngazi bado ipo. Ukiuona wa kwangu, utaelewa hizi nyingine nane zina kasoro gani."

Msimamizi alikohoa. Mkaguzi alitazama ngazi, akatazama karatasi zilizokwisha sainiwa mkononi mwake, akatazama ngazi tena.

"Ukaguzi wa darini umekwisha," alisema. "Hili ni jambo la uani."

Aliandika faini. Ilikuwa ujira wa siku mbili, nayo isipolipwa siku ile ile ingekuwa ya siku nne. Msimamizi alimlipa Timazi ujira wa siku tatu pale pale, mbele ya mlango, akamwambia kwa sauti ya chini, si kwa ubaya, "Safu ya Tano tunaanza Jumatatu. Usije, mzee wangu. Nielewe na mimi." Mkaguzi alibandika lakiri ya Ofisi juu ya mlango wa dari, wakaenda zao na ngazi yao.

Dirisha la Ofisi lilikuwa karibu kufungwa. Karani yule yule aliipokea fedha, akaihesabu, akachukua kitabu cha risiti.

"Kosa: kuondoa kibaraza namba mia mbili na nne," alitamka huku akiandika.

"Ongeza hapo, dada: na kukijenga darini, kati ya nyumba ya tano na ya sita, hadi kwenye bati."

Kalamu ilisimama. Karani aliinua macho, na kwa mara ya pili siku ile Timazi alimwona akiona.

"Risiti haina nafasi ya maelezo, baba," alisema taratibu. Akagonga muhuri, akakata karatasi, akaipitisha chini ya kioo. Kisha, kabla ya kushusha pazia, akauliza kwa sauti ambayo haikuwa ya dirishani, "Umesema kuta zote tisa?"

"Nane sasa."

"Mimi nakaa Safu ya Tano," alisema karani, na pazia likashuka.

Nyumbani mama alikuwa bado juu ya ndoo. Dobi alikuwa amewasha pasi tena na alikuwa akikimbizana na nguo za watu zilizochelewa. Timazi alimpa mama ile risiti. Mama aliisogeza mbali na macho yake, akaisoma yote, hata tarehe, hata jina la mpiga chapa lililokuwa chini kabisa.

"Umelipa?"

"Nimelipa."

"Mtu hulipishwa kitu kilichopotea. Akishalipa, kikionekana ni cha nani?"

Timazi aliketi chini. Alikuwa amechoka mno kubishana, na hakuona pa kubisha.

"Iweke pamoja na kadi ya kodi," mama alisema. "Kibaraza sasa ni chetu."

Dobi aliinua pasi, akaishika hewani, akitazama paa la upande wa nyumba ya nne.

"Kaka fundi," aliita kutoka upande wake, "hapo dirishani hukuwauliza, mtu akibomoa karo la kufulia wanatoza kiasi gani?"